Rimoti mkononi mwako: mwongozo wa king'amuzi kwa asiyeona

Katika nyumba nyingi asiyeona hukaa sebuleni na wenzake, husikia taarifa ya habari, mpira na tamthilia kama wao, ila rimoti haifiki mkononi mwake. Akitaka chaneli nyingine anaomba. Akibaki peke yake anavumilia kilichopo mpaka watoto warudi kutoka shule, au anazima kabisa. Mimi pia sioni, na mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu huyo na ndugu anayeishi naye. Ninachotaka ni kimoja tu: rimoti ishikwe na asiyeona, na aiendeshe bila kumsubiri mtu.

Zamani kazi hii haikuwa ngumu hivi. Luninga ya analojia ilikuwa na namba chache. Ukibonyeza 3 unaikuta stesheni ile ile kila siku, na mawimbi yakiharibika unasikia mkwaruzo, unajua moja kwa moja kwamba tatizo liko kwenye antena. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Tanzania, Dar es Salaam ikitangulia. Kenya ilizima yake mwaka 2015. Picha zikawa safi na chaneli zikaongezeka. Lakini king'amuzi kina tabia ambayo luninga ya zamani haikuwa nayo: kila kinachotaka kukuambia kinakiandika kwenye kioo. Hakuna mawimbi. Kadi haijalipiwa. Weka namba ya siri. Anayeona anasoma jumbe tatu tofauti. Wewe unasikia ukimya ule ule mara tatu. Ndiyo maana sehemu ndefu kuliko zote katika mwongozo huu ni ile ya kuutambua ukimya, na kama king'amuzi tayari unacho nyumbani, unaweza kuruka hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Kabla ya kununua, uliza kama kinaongea

Ving'amuzi vingi vya kawaida vinavyouzwa kwetu havisomi menyu kwa sauti. Vinavyoweza kusoma ni vile vinavyotumia mfumo wa Android TV au Google TV, kwa sababu ndani yake kuna TalkBack, kisoma skrini kile kile ambacho wengi wetu tunakitumia kwenye simu. Hapa kuna mtego. Madukani kuna visanduku vingi vinavyoitwa "Android box" ambavyo ndani yake wameweka Android ya simu, si Android TV, na vingine havina TalkBack kabisa. Muuzaji atakuambia "hiki ni Android, kina kila kitu." Usiondoke na neno lake, mwambie akiwashe hapo hapo dukani.

Mwombe aingie kwenye mipangilio, kisha sehemu ya ufikivu (Accessibility), aiwashe TalkBack. Sauti ikitoka, chukua rimoti wewe mwenyewe. Bonyeza mishale ya juu, chini, kushoto na kulia, usikilize kama kila unapotua panatajwa. Halafu fanya jambo ambalo watu wengi hawalifanyi: fungua programu ile ile utakayoitumia nyumbani kutazama chaneli zako. Kisoma skrini kinaweza kusoma menyu kuu vizuri sana, kisha ukiingia ndani ya programu ya kampuni ya matangazo kikawa kinasema "kitufe, kitufe, kitufe" tu, kwa sababu waliotengeneza programu hiyo hawakuvipa vitufe vyao majina. Kasoro hiyo huwezi kuirekebisha nyumbani. Heri uigundue ukiwa bado na hela mfukoni.

Kuhusu lugha, injini ya sauti ya Google ina sauti ya Kiswahili. Ipo kwenye mipangilio, karibu na ufikivu, sehemu ya kugeuza maandishi kuwa matamshi, na huenda ukahitaji intaneti ili kuipakua. Ila kumbuka kwamba menyu ikiwa ya Kiingereza na sauti ikawa ya Kiswahili, maneno yatasomwa kwa namna isiyoeleweka. Lugha ya menyu na lugha ya sauti zifanane. Kama menyu ya kifaa chako haina Kiswahili, iache sauti iwe ya Kiingereza.

Ukishafika nyumbani, rudi kwenye ufikivu uwashe njia ya mkato. Ikishawashwa, ukishikilia kitufe cha kurudi pamoja na mshale wa chini kwa sekunde tatu hivi, TalkBack inawaka au inazimika. Njia hii ni muhimu kwenye nyumba yenye watu wengi, maana wanaoona watachoshwa na sauti na wataizima, na wewe unatakiwa uweze kuirudisha bila kuita mtu.

Kama una ndugu Ulaya au Marekani anayekutumia vifaa, jua pia vile vinavyopatikana huko. Fire TV ya Amazon ina kisoma skrini chake, VoiceView, kinachowashwa kwa kushikilia kitufe cha kurudi na cha menyu kwa sekunde mbili. Kwenye Roku kisoma skrini kinawaka ukibonyeza kitufe cha nyota mara nne haraka haraka. Apple TV nayo ina chake, VoiceOver. Luninga za Samsung za miaka ya karibuni hufungua menyu ya ufikivu ukishikilia kitufe cha sauti. Vifaa hivi vinategemea intaneti zaidi kuliko dishi, kwa hiyo kabla hajatuma fikiria bando lako.

Hatua ya 2: Ijue rimoti kwa vidole

Anza kwa kuivua nailoni. Najua tunaziacha rimoti kwenye karatasi yake ya dukani ili zisichakae, lakini nailoni hiyo inaficha alama ambayo asiyeona anaihitaji kuliko zote: kinundu kidogo kilicho juu ya namba 5. Karibu kila rimoti inacho. Kidole kikishakipata kinundu, umezipata namba zote: 2 iko juu yake, 8 chini, 4 kushoto, 6 kulia, na 0 iko chini ya 8.

Kisha tafuta duara la mishale lenye OK katikati. Kwa kawaida ndilo umbo kubwa kuliko yote kwenye rimoti, na vitufe vya menyu, kurudi na kutoka vimelizunguka karibu karibu. Vitufe vya sauti na vya kubadili chaneli mara nyingi huwa virefu, viwili viwili, kimoja upande huu na kingine upande wa pili. Mwenye macho akusaidie mara moja tu, lakini kwa utaratibu huu: rimoti ibaki mkononi mwako, yeye ataje jina la kitufe, na wewe ukitafute. Asikushike kidole akakiburuta. Ukikipata mwenyewe kutokana na jirani zake hutakisahau, ila ukiongozwa kidole kesho utauliza tena.

Vitufe vitatu vinastahili alama: EXIT (cha kutoka), AUDIO (cha kubadili sauti ya kipindi) na kile cha kuwasha. Zaidi ya hapo rimoti itajaa vinundu na hutatofautisha kitu. Rangi ya kucha inafaa sana. Weka tone, liache likauke, ongeza jingine juu yake mpaka liinuke. Lakini tone liwekwe kwenye plastiki ngumu kando ya kitufe, lisiwekwe juu ya kitufe chenyewe. Vitufe vingi ni vya mpira, vinabonyea, na rangi iliyokauka juu ya mpira hubanduka baada ya muda mfupi. Gundi kali usiitumie. Ikichuruzika pembeni ya kitufe kinagandiana na bodi na hakibonyei tena.

Nyumba nyingi zina rimoti mbili, ya luninga na ya king'amuzi. Ya king'amuzi ivalishe mpira wa kufungia hela, uizungushe mara mbili upande wa chini, mbali na ile taa ya mbele inayotoa miale. Ya luninga itafutiwe mahali pake pa kudumu, mbali na watoto. Nitaeleza kwa nini tukifika kwenye ukimya.

Hatua ya 3: Chaneli ni namba, zikariri

Mwongozo wa vipindi unaotokea kwenye kioo, ule wenye mistari na masaa, usihangaike nao kwenye king'amuzi kisichoongea. Hauna faida kwako. Nguvu yako iko kwenye namba. Mtu akusomee namba za chaneli unazozipenda, na wewe ziandike kwa Braille au zirekodi kwa sauti ujitumie mwenyewe kwenye WhatsApp. Nazungumzia zile utakazozitazama kweli, si orodha nzima ya kifurushi.

Kubonyeza namba kuna mwendo wake. Namba ya tarakimu tatu unaibonyeza mfululizo bila kusita, kisha unasubiri. Ukikawia kati ya tarakimu, king'amuzi kitadhani umemaliza na kitakupeleka kwenye chaneli nyingine kabisa. Ving'amuzi vingi vinakubali ubonyeze OK baada ya tarakimu ya mwisho ili visisubiri. Jaribu chako uone.

Halafu chagua chaneli moja iwe nanga yako. Iwe ya bure, isiyodai malipo, na iwe na watu wanaozungumza karibu saa zote, kama chaneli ya taifa au ya habari. Ikariri namba yake kama unavyokariri namba ya simu ya mama yako. Kila utakapopotea, kila kitakaponyamaza, utairudia hiyo. Chaneli ya muziki au ya filamu haifai, maana filamu nayo hunyamaza yenyewe dakika nzima na hutajua kama ni filamu au ni king'amuzi.

Namba za chaneli hubadilika. Kampuni ikipanga upya, au king'amuzi kikijitafutia chaneli upya, namba uliyoizoea inaweza kuhamia kwingine bila taarifa yoyote inayosikika. Ukiona chaneli mbili tatu haziko mahali pake kwa pamoja, usidhani umesahau. Piga simu huduma kwa wateja, uliza kama orodha imebadilika, na waombe wakutumie mpya kwa ujumbe mfupi, maana ujumbe huo simu yako itausoma.

Hatua ya 4: Ukipotea ndani ya menyu

Bonyeza EXIT mara tatu, kisha namba ya nanga, kisha subiri. Ni hayo tu. Usibonyeze OK ukiwa hujui uko wapi. OK ndani ya menyu inaweza kuwa "futa chaneli zote" au "rudisha kama kilivyotoka kiwandani", na ving'amuzi vingine havikuulizi mara mbili.

Kitufe kingine kinacholeta balaa kimya kimya ni AUDIO. Kwenye ving'amuzi vingi kinabadili lugha ya kipindi, na kwenye vingine kinachagua sauti ya upande wa kushoto, wa kulia, au pande zote mbili. Mtoto akikigusa, kipindi kilichokuwa cha Kiswahili kinageuka lugha nyingine, au sauti inapotea kabisa kwenye chaneli hiyo moja huku nyingine zikiendelea vizuri. Dawa yake ni kukibonyeza tena, kusubiri kidogo, na tena, mpaka sauti yako irudi. Kitufe hiki kina neema yake pia: baadhi ya mechi kwenye DStv hutangazwa kwa Kiswahili na Kiingereza, na kuna mtangazaji anayekuonyesha uwanja mzima kwa maneno, na mwingine anayekaa kimya akidhani wote tunaona mpira uliko. Ukishajua kitufe kilipo, unamchagua mwenyewe.

Hatua ya 5: Kuutambua ukimya

King'amuzi kimenyamaza. Usianze kubonyeza ovyo, maana ukimya wenye sababu moja ukiuchokoza unageuka kuwa wenye sababu tatu. Fuata mpangilio huu.

Kwanza, umeme. Kiguse juu. King'amuzi kinachofanya kazi huwa na joto la uvuguvugu. Kikiwa cha baridi kabisa, fuata waya mpaka kwenye adapta, nayo uiguse. Adapta ya baridi ina maana umeme haufiki. Angalia swichi ya ukutani, jaribu kuchomeka chaja ya simu pale pale usikie kama simu inalia. Kumbuka tu kwamba king'amuzi kilichozimwa kwa rimoti nacho huwa na joto kidogo, kwa hiyo joto linakuambia umeme upo, halikuambii kimewashwa.

Pili, sauti. Bonyeza kitufe cha kuongeza sauti mara kadhaa. Kwenye vifaa vingi kufanya hivyo kunaondoa ule ukimya wa MUTE, kitufe cha kunyamazisha. Usisahau kwamba king'amuzi kina sauti yake na luninga ina yake, na mmoja akiwa amepunguzwa mpaka sifuri, mwingine hata ukimpandisha mpaka mwisho husikii kitu.

Tatu, nanga. Bonyeza EXIT, kisha namba yake. Ikiongea, king'amuzi ni kizima, dishi ni zima, nyaya ni nzima. Sasa jaribu chaneli ya kulipia unayojua imo kwenye kifurushi chako, kisha nyingine. Za bure zikiongea na za kulipia zote zikanyamaza, kifurushi kimeisha. Ikinyamaza moja tu, basi ni hiyo chaneli yenyewe, au imefungwa kwa namba ya siri, au AUDIO imeguswa.

Nne, nanga nayo ikinyamaza, fikiria mawimbi. Sikiliza nje. Mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya dishi, kwa sababu maji angani hunyonya masafa hayo ya juu, na mvua ikipungua matangazo yanarudi yenyewe. Usimwite fundi wakati wa mvua. Kwa king'amuzi cha antena, kumbukumbu yako ya dakika chache zilizopita ndiyo kipimo. Digitali haina mkwaruzo wa zamani, lakini kabla ya kukatika kabisa sauti huanza kuvunjikavunjika, silabi zinadondoka, neno linakatwa katikati, kisha kimya. Ukiwa umesikia hivyo, ni antena imegeuka au waya umelegea. Sauti iliyokatika ghafla, safi, bila kuvunjika, mara nyingi ni malipo, umeme au mtu aliyegusa rimoti.

Tano, luninga iko kwenye mlango mwingine. Hii ndiyo sababu nilisema rimoti ya luninga ifichwe. Kitufe chake cha SOURCE au INPUT kikibonyezwa, luninga inaacha kusikiliza king'amuzi na kwenda kwenye mlango usio na kitu. King'amuzi kinaendelea kufanya kazi, ila hakisikiki. Kukirudisha, hakikisha kwanza king'amuzi kiko kwenye nanga, kisha kwenye rimoti ya luninga bonyeza SOURCE, mshale mmoja wa chini, OK, na subiri sekunde tano hivi. Hakuna sauti? Rudia. Milango haiwi mingi, na ukisikia mtangazaji umefika.

Sita, nyaya. Waya wa AV una vichwa vitatu, wa njano kwa picha, mweupe na mwekundu kwa sauti, na kwa vidole, vyote vitatu ni sawasawa kabisa. Zungushia kipande cha plasta kwenye kile cha njano, ncha zote mbili. Hivyo viwili visivyo na plasta ndivyo vyako. Kimoja kikichomoka unapoteza nusu ya sauti au yote, huku picha ikiendelea vizuri na wanaoona wakakuambia "mbona inaonyesha?"

Mwisho kabisa, chomoa king'amuzi kwenye umeme, hesabu dakika moja, chomeka tena. Kipe muda wa kutosha kuamka, hata dakika mbili tatu, kabla ya kugusa rimoti. Kisha nanga.

Unaweza kuiacha luninga kabisa

Jambo hili halisemwi sana, na kwa asiyeona anayeishi peke yake linaokoa hela nyingi. Luninga huihitaji. King'amuzi chenye matundu ya AV kinatoa sauti kupitia vile vichwa viwili, mweupe na mwekundu, na sabufa au redio yoyote yenye matundu kama hayo inaipokea moja kwa moja. Chomeka viwili hivyo kwenye sabufa, kile chenye plasta kiache kinaning'inia. Una matangazo yote ya luninga kwa umeme mdogo zaidi, kwa sauti nzuri zaidi, na ile shida ya SOURCE imekufa.

Tahadhari ni mbili. Siku ya kwanza, ya kutafuta chaneli na kuingiza kadi, azima luninga na mtu wa kukusomea, maana hatua hizo ni za maandishi. Na kagua nyuma ya king'amuzi kabla ya kununua. Baadhi ya vipya vina tundu la HDMI peke yake, la waya mmoja unaobeba picha na sauti pamoja, na hivyo haviwezi kufanya hivi bila kifaa kingine katikati. Vingine vina tundu moja dogo kama la hedifoni ambalo linahitaji waya wake maalumu, kwa hiyo waya uliokuja kwenye boksi usiutupe.

Hatua ya 6: Simu ikusomee kioo

Kuna wakati lazima ujue kioo kimeandika nini. Ndugu aliye mbali anaweza kukusaidia kwa WhatsApp ya video. Kama hakuna wa kumpigia, kuna Be My Eyes, programu ya bure iliyoanza mwaka 2015 huko Denmark, inayokuunganisha na mtu wa kujitolea anayetazama kupitia kamera yako na kukuambia anachokiona. Weka Kiswahili kwenye lugha zako, na Kiingereza pia kama unakielewa, maana wanaojitolea kwa Kiingereza ni wengi zaidi. Programu hiyo hiyo siku hizi inaweza kuieleza picha bila mtu, kwa akili bandia, na kwa ujumbe mfupi wa kwenye kioo mara nyingi hiyo inatosha.

Simama hatua mbili tatu kutoka kwenye luninga, simu uilaze kwa upana, kimo cha kifua, na tochi ya simu iwe imezimwa kwa sababu mwanga wake unarudi kutoka kwenye kioo na kufuta maandishi. Usionyeshe namba yako ya siri ya malipo kwa mtu yeyote kupitia kamera, hata awe mwema vipi.

Hatua ya 7: Kulipia mwenyewe

Malipo ndiyo sehemu ambayo asiyeona anaimudu vizuri kuliko zote, kwa sababu yako kwenye simu na simu inaongea. Namba ya kadi au ya king'amuzi imeandikwa kwenye kadi yenyewe au kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kisanduku. Mtu akusomee mara moja, uihifadhi kwenye simu kama namba ya mtu, kwa jina "King'amuzi". Usiiandike kwenye karatasi.

Ukitumia menyu ya namba, kwa mfano *150*00# ya M-Pesa Tanzania, *150*60# ya Airtel Money, au *334# ya M-Pesa Kenya, tatizo ni muda. Menyu hizo hujifunga, na TalkBack inasoma orodha nzima kabla hujafika kwenye sehemu ya kuandika. Kwa hiyo nakili namba ya kadi kabla ya kuanza, ili ukifika unaibandika tu. Kumbuka pia mpangilio wa chaguo, "nne, kisha tatu, kisha moja", ujibu bila kusubiri orodha imalizike kusomwa. Programu za simu za kampuni za pesa hazina haraka hiyo, na kama zinasomeka vizuri kwenye simu yako ni bora zaidi.

Wakati unalipa, king'amuzi kiwe kimewashwa na kiko kwenye chaneli ya kulipia. Ruhusa inakuja kwa mawimbi, na king'amuzi kilichozimwa kinaweza kuikosa. Ikipita nusu saa na bado kimya, piga huduma kwa wateja, wape namba ya kadi, waambie watume ruhusa upya. Waeleze tangu mwanzo kwamba huoni, la sivyo swali lao la kwanza litakuwa "kwenye kioo kumeandikwa nini?"

Hatua ya 8: Dai kinachoongea

Haya yote ni maarifa ya kuishi na kifaa kisichotufikiria, na tusiishie hapo. Marekani sheria ya mwaka 2010 ya mawasiliano na video ilisababisha kanuni kwamba, kuanzia Desemba 2016, kampuni kubwa za kebo na setilaiti zimpe mteja asiyeona kifaa chenye menyu inayosomwa kwa sauti pale anapokiomba, bila kumtoza zaidi. Comcast ilikuwa imeshaanza kutoa mwongozo wa vipindi unaoongea mwaka 2014, na aliyeongoza kazi hiyo, Tom Wlodkowski, mwenyewe haoni. Umoja wa Ulaya nao una sheria ya ufikivu inayogusa vifaa hivi, iliyoanza kutumika tarehe 28 Juni 2025. Teknolojia ipo na inajulikana, kwa hiyo kampuni ikituambia haiwezekani, tunajua si kweli.

Kwetu msingi upo pia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ibara ya 30, unataja vipindi vya televisheni kwa jina, kwamba vipatikane kwa namna inayofikika. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na mwaka 2010 Tanzania ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu.

Lalamiko lianzie kwa kampuni yako, kwa maandishi, ili ubaki na nakala. Wasipojibu, Tanzania unapeleka TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, na Kenya unapeleka Mamlaka ya Mawasiliano, ukiambatanisha barua ya kwanza. Peleka nakala kwa chama cha wasioona unakoishi, maana barua kumi zenye ombi moja zina uzito kuliko moja. Usiandike "tunaomba mtufikirie". Andika mambo yanayotekelezeka: king'amuzi kinachosoma menyu na jina la chaneli kwa sauti, programu yao ya simu iwe na vitufe vyenye majina, orodha ya chaneli itumwe kwa ujumbe mfupi kila inapobadilika, kifurushi kikiisha, king'amuzi kiseme, au angalau kitoe mlio unaotofautiana na ule wa kukosa mawimbi, na rimoti iwe na alama ya kushikika kwenye kitufe cha kutoka. Weka jina lako, namba ya kadi yako, na tarehe unayotaka kujibiwa.

Hilo la mlio likazie. Ni kazi ndogo ya programu, inaweza kuja hata kwa sasisho la kawaida linaloshushwa usiku kwenye ving'amuzi vilivyopo tayari majumbani, na halimlazimishi mtu yeyote kununua kifaa kipya.